Herufi T, Herufi A na Mzee wa Jogoo Road

Leo sina maagizo ya kusakinisha programu yoyote, wala silinganishi simu mbili ili niwaambie mnunue ipi. Leo nataka tuzungumze kuhusu herufi. Ndiyo, herufi hizi hizi unazozisoma sasa.

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii ya kuandika programu huniuliza sana swali hili: je, kazi yenyewe ni sayansi au ni sanaa? Siku hizi swali limeota mkia. Kama ni sanaa, mbona akili unde inaiweza? Na kama mashine inaiweza, sisi tubaki tukifanya nini?

Jibu ambalo limenikaa moyoni nililipata ndani ya matatu, kutoka kwa mzee ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Kwanza niwaeleze hali yangu ilivyokuwa. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa imepunguza watu. Dawati la kulia kwangu lilikuwa tupu, la kushoto pia. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki 3 na hakuna aliyekuwa akisema lolote. Kaka yangu, mwenye duka la vipuri vya magari, alikuwa ameniambia, "Njoo tushike duka pamoja. Vipuri haviandikwi na mashine." Nilikuwa nimemwahidi jibu kufikia Ijumaa. Hii ilikuwa Jumanne, na kusema kweli jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa ninakwenda vipurini.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sisi watu wa Umoja mnatujua: mvua ikinyesha, safari ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Matatu ilijaa, madirisha yakafungwa, vioo vikaingia ukungu. Tulipofika Donholm magari yalisimama kabisa. Dereva akazima injini. Nikatoa simu ili nipitie kazi tuliyokuwa tukiimalizia: programu ya kuwasaidia watoto wa chekechea kusoma Kiswahili. Neno linatokea kwa herufi kubwa, mtoto anagusa herufi, sauti yake inasikika. Neno la siku hiyo lilikuwa TAYARI.

"Hiyo T imemkimbia A," sauti ikasema ubavuni mwangu.

Nikageuka. Mzee wa kofia ya sufi, koti la buluu lenye madoa ya rangi za kila aina, na mapajani mfuko wa nailoni uliotoa harufu ya tapentaini. Alikuwa akiisoma simu yangu bila aibu yoyote, kama tunavyosoma magazeti ya majirani zetu kwenye matatu.

"Mzee, umesemaje?"

"Hiyo T. Iko mbali na A. Na hiyo A iko mbali na Y. Lakini R na I zimekaa vizuri. Mtoto akiliona hilo neno ataona vipande vipande. Ataona T, halafu A, halafu sijui nini."

Nikaitazama simu. Nilikuwa nimelitazama neno hilo kwa siku kadhaa. Sasa, baada ya kuambiwa, sikuweza kuona kitu kingine. T ilisimama peke yake kama abiria aliyeachwa kituoni.

"Wewe ni mwalimu, mzee?"

"Mimi ni mwandishi," akajibu. Akaona nimeshangaa, akacheka. "Mwandishi wa kuta. Maduka, magari, milango, makanisa, bucha. Miaka arobaini na mmoja."

Basi mzee akainua kidole cha shahada na kuandika kwenye kioo chenye ukungu: W A T U. Aliandika polepole, kila mstari kwa mkupuo mmoja. Kisha chini yake akaandika neno lile lile, lakini safari hii A akaisogeza mpaka mguu wake ukaingia chini ya bawa la W.

"La juu limepimwa kwa rula," akasema. "La chini limepimwa kwa jicho. Lipi limekaa sawa?"

La chini, bila shaka. Ajabu ni kwamba ukipima kwa rula, la juu ndilo lenye nafasi sawa.

"Usitazame herufi," akaniambia. "Herufi kila mtu anaziona. Tazama mapengo. Fikiria unamwaga unga katikati ya herufi mbili. Pengo la kwanza likinywa kikombe kimoja, la pili linywe kikombe kimoja, la tatu kikombe kimoja. Ukiona pengo moja limekunywa vikombe viwili, jua hapo neno limevunjika."

Nikamwuliza kwa nini T na A, na si R na I. Akaeleza kama mtu aliyewahi kulifikiria jambo hilo mara elfu. R, I, N, H na M zina nguzo zilizonyooka, ukizisimamisha pamoja zinakaa kama mbao za uzio. Lakini T ni mwavuli, chini ya kila bawa kuna uwazi. A ni paa la nyumba, juu yake kushoto na kulia kuna uwazi. Ukiweka mwavuli kando ya paa, uwazi wa huyu unakutana na uwazi wa yule na shimo linakuwa kubwa. W, V na Y nazo zina tabia hiyo hiyo zikikutana na A.

"Na sasa nikwambie tatizo la Kiswahili," akaendelea. "Kiswahili ni lugha ya A. Hakuna duka utakalokuta halina A. Na hiyo A inapenda kukaa na wakorofi. WA, YA, TA, VA. Nyama. Dawa. Wateja. Mavazi. Vyakula. Tayari. Kila siku ni wao. Huyo kijana anayeandika HOTEL amepata kazi rahisi. Mwambie aandike NYAMA."

Ndugu msomaji, hapo nilinyamaza. Nina zaidi ya miaka 10 nikifanya kazi na maandishi kwenye skrini. Najua kwamba ndani ya faili la fonti kuna jedwali la jozi za herufi, na kila jozi ina namba inayoiambia tarakilishi isogeze herufi hizo karibu kiasi gani. Na najua jozi zinazotajwa kwanza katika kila kitabu cha uchapaji: AV, WA, TA, YA. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba hizo ndizo silabi za Kiswahili zenyewe! Kiunganishi "ya", kiunganishi "wa", kiambishi cha wakati ujao "ta". Kile ambacho kwa Mwingereza ni tatizo la hapa na pale, kwetu ni tatizo la kila sentensi.

Magari yakasogea kidogo. Mzee akapangusa kioo kwa kiwiko na tukaanza mchezo ambao sasa siwezi kuuacha. Kila bango tulilolipita alilipa alama. "Hilo, nne kwa kumi, limepakwa na mtu mwenye haraka." "Lile la kinyozi, saba. Mkono mzuri, lakini S imeanguka." Kondakta, kijana wa miaka kama 20 aliyekuwa akining'inia mlangoni, akaanza kutuletea mabango ya upande wake: "Mzee, na hili la bucha je?" Mama mmoja nyuma yetu akasema bango la duka lake la nguo lilipakwa mwaka jana na kila mtu hulisoma vibaya. Mzee akamwuliza limeandikwaje. Akasema MAVAZI YA KISASA. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, hapo una A tano, na V na Y katikati."

Nikamwuliza kuhusu S. Akasema hiyo ndiyo iliyomtesa kuliko zote. Miaka miwili ya mwanzo, alipokuwa akimwoshea brashi fundi aliyemfundisha kazi, hakuruhusiwa kugusa S. Tumbo la juu sharti liwe dogo kidogo kuliko la chini, la sivyo herufi inaonekana kama itakuangukia. Nawe jaribu: chapisha S kubwa kwenye karatasi, kisha igeuze kichwa chini. Utaona kitu chenye kichwa kikubwa.

Na O, akasema, lazima izidi mistari juu na chini, "kwa unene wa uzi." Ukiichora iwe na urefu sawa na H, jicho litasema ni fupi. Nilipofika kazini nilifungua fonti kadhaa na kupima. Ni kweli. Karibu zote nilizofungua, O inapita H juu na chini, kama sehemu 1 au 2 kwa 100. Siku zote ilikuwa hapo.

Basi nikamwuliza swali lililokuwa likinikera. "Mzee, mashine za kukata stika zilipokuja, ulifanyaje?"

Hakunijibu mara moja. Akaanza na matatu. Zamani, akasema, mkate wake ulikuwa magari haya. Majina ya timu, ya wanamuziki, sura za watu mashuhuri, moto, nyota. Kisha sheria za Waziri John Michuki zikaanza kutumika Februari 2004. Pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. "Nilikuwa na magari sita yananingoja," akasema. "Wiki moja, yote yakawa mstari wa manjano. Mstari wa manjano hauhitaji fundi." Michoro ilirudi kwa nguvu baada ya 2014, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliposema wenye magari ya michoro wasisumbuliwe. Lakini waliorudi nayo walikuwa vijana wenye kompyuta na mabomba ya kupulizia rangi. Katikati hapo kampuni za simu nazo zilikuwa zimeanza kupaka maduka mazima rangi zao, bure, na mwenye duka gani atamlipa mzee wakati anapakiwa bure?

"Tulikuwa watatu kwenye karakana yetu," akasema. "Wawili walirudi shamba. Siwezi kukudanganya kwamba kila mtu alivuka."

Yeye alivukaje? Kijana mmoja mwenye mashine ya kukata stika alikuwa jirani yake. Mteja alirudisha bango akisema "halisomeki" lakini hakuweza kusema kwa nini. Kijana akamwita mzee aje atazame. Mzee akatazama, akasema sogeza hii, punguza hapa, ile S si ya kikundi hiki. Dakika kumi. Mteja akarudi, akachukua bango, akaenda. Tangu siku hiyo hakuna kitu kinachokatwa katika duka lile kabla mzee hajakitazama. Bado anashika brashi kwa wanaotaka kazi ya mkono, na siku ile alikuwa akienda kwa mmoja wao. Lakini chakula chake cha kila siku anakipata kwa kutazama.

"Mashine ilinipokonya mkono," akasema. "Jicho haikulichukua."

Mimi si mtu wa kukubali haraka. Nikamwambia mashine za leo si kama zile za stika. Hizi zina jicho pia. Fonti nzuri inapanga mapengo yenyewe, hata bila kuambiwa. Na akili unde inachora bango zima ukiiomba kwa maneno.

"Jicho la nani?" akauliza.

"La mashine."

"Hapana. Hilo jicho mashine ilipewa na nani?"

Hapo nikakumbuka kisa cha Donald Knuth, na kwa kuwa gari lilikuwa limesimama tena karibu na Makadara, nikamsimulia mzee. Sasa nakusimulia nawe.

Knuth ni profesa mstaafu wa tarakilishi nchini Marekani. Ndiye aliyeandika vitabu maarufu vinavyoitwa The Art of Computer Programming, cha kwanza kikatoka 1968. Ona neno la pili katika jina hilo: sanaa. Mwaka 1974 alipopewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani yetu, hotuba yake ilihusu jambo hilo hilo, uandishi wa programu kama sanaa. Kisha mwaka 1977 akaletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake cha pili. Wachapaji walikuwa wameacha herufi za risasi na kuhamia mtambo mpya. Knuth akazitazama kurasa na kuchukizwa. Hesabu zilikuwa zile zile, maneno yale yale, lakini sura ilikuwa mbaya. Akaacha kila kitu na kuanza kuandika programu ya kupanga kurasa, TeX, na nyingine ya kuchora herufi, Metafont. Alidhani ni kazi ya muda mfupi. Ilimla karibu miaka 10. Hadi leo wanahisabati duniani kote huandika makala zao kwa TeX.

Na herufi iliyomsumbua kuliko zote? S. Alihangaika nayo kwa siku kadhaa akitafuta hesabu ya mkunjo wake. Mkewe akamwuliza kwa nini asiichore tu ikawa na umbo la S. Mwaka 1980 akachapisha makala nzima katika jarida la hisabati kuhusu herufi hiyo moja.

Mzee alicheka mpaka kofia ikamhama. "Na yeye pia!" akasema. "Profesa mzima! Basi mimi miaka miwili si mingi." Kisha akawa mzito kidogo. "Umeona sasa? Hilo jicho ni la huyo bwana. Na la wengine kama yeye. Wamelikopesha mashine. Lakini mashine haipiti barabara hii asubuhi. Haina duka ambalo watu wanalisoma vibaya. Nani atasema hapa si sawa? Lazima awe mtu anayepita."

Tulikuwa tunakaribia City Stadium. Soko la Burma lilikuwa limeamka, watu wa nyama na mikokoteni yao. Mzee akaanza kuufunga mfuko wake. Nikamwuliza kama hasikitiki kwamba kazi zake hazina jina lake. Mchoraji wa turubai huweka sahihi pembeni, kazi zake huwekwa kwenye majumba ya sanaa. Ukuta wa duka unapakwa upya baada ya miaka mitatu na jana yako imekwisha.

Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto.

"Kijana, wewe ulijifunza kusoma wapi?"

Nikasema shuleni, darasa la kwanza.

"Kumbuka vizuri."

Nikakumbuka. Mama akinishika mkono kwenda dukani, nami nikipaza sauti kwa kila bango njiani, nikikosea, naye akinisahihisha. Ka-ri-bu. Si-ga-ra. U-nga. Nilifika darasa la kwanza nikiwa nazijua herufi nusu, na hakuna mwalimu aliyekuwa amenifundisha.

"Watoto wa mitaa yetu wote wamesomea kwenye kuta zetu," akasema mzee. "Hakuna aliyeniuliza jina, na mimi sijawadai karo. Lakini kila nikipaka A, nilijua kuna mtoto ambaye hiyo ndiyo A yake ya kwanza. Utamwandikia vibaya? Hapana. Unampa A nzuri." Akaigonga simu yangu kwa kidole chenye doa la kijani. "Siku hizi ukuta ni huu."

Akashuka. Kondakta alimpokea mfuko na kumpa mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona kondakta wa njia yetu akilifanya.

Sasa turudi kwenye ufundi kidogo, maana najua kuna mnaojiuliza. Kama fonti zina majedwali ya jozi, mbona T ilimkimbia A kwenye simu yangu? Sababu ni hii. Ili mtoto aguse herufi moja na kusikia sauti yake, kila herufi ilibidi ikae katika kisanduku chake. Na herufi zikishatenganishwa kwa visanduku, kivinjari hakizioni tena kama jozi. Jedwali lipo, lakini halitumiki. Dawa yake ni kulisoma jedwali lenyewe ndani ya faili la fonti, kutafuta namba ya kila jozi, na kusogeza visanduku kwa kiasi hicho.

Nilifanya hivyo mchana ule. Na hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini. Sehemu kubwa ya mistari hiyo iliandikwa na msaidizi wa akili unde. Nilimweleza ninachotaka, akaniletea, nikasahihisha mahali pawili, kwisha. Haikufika nusu saa. Mkono wangu, kama mkono wa mzee, ulikuwa umepokonywa. Lakini programu ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu 6 na mashine kadhaa kwa muda wa miezi miwili, na hakuna hata mmoja, mtu wala mashine, aliyekuwa amesema kwamba T iko mbali. Kilichokosekana hakikuwa mistari ya programu. Alikosekana mtu wa kusema "hapa si sawa."

Neno letu "sanaa" tumelichukua kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake unahusu kutengeneza kitu kwa ustadi. Neno lao la viwanda linatoka kwenye mzizi huo huo. Knuth naye katika hotuba yake alikumbusha kwamba neno la Kilatini la sanaa na lile la Kigiriki lililotupa "teknolojia" yalikuwa karibu kimaana. Kwa hiyo nikiulizwa tena kama kuandika programu ni sanaa, nitajibu kwamba wazee waliotupa maneno haya hawakuwahi kutenganisha. Fundi na msanii walikuwa mtu mmoja. Alijulikana kwa kutoridhika na kitu ambacho wengine wote wamekipita.

Ijumaa ilifika. Nilimpigia kaka nikamwambia vipurini siji, angalau si mwaka huu. Sikuwa na habari ya mkataba, na habari ilipokuja haikuwa nzuri wala mbaya: miezi 6 zaidi, mshahara ule ule. Sijui baada ya hapo. Lakini nilijua kwamba kuna kazi ninayoiona, na kwamba kuna watoto ambao A yao ya kwanza itatoka kwenye skrini niliyoipanga mimi. Hilo lilinitosha kuamka Jumatatu.

Kaka hakukasirika. Alisema tu, "Basi nitafutie hata mtu wa kunipakia bango." Nilikuwa nimechukua namba ya mzee kabla hajashuka. Leo ukipita dukani kwa kaka utaona VIPURI VYA MAGARI kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, na hiyo YA katikati imekaa kama mtu na mpwa wake kwenye benchi moja. Kaka anasema bango ni zuri lakini hajui kwa nini. Nimeamua nisimwambie.

Kazi ya nyumbani kwako, msomaji. Fungua programu yako ya kuandikia, chagua fonti kubwa, kisha andika kwa herufi kubwa neno hili: WATAYAVAA. Ni Kiswahili safi. Wateja watayavaa mavazi haya. Neno hilo lina mapengo 8, na 7 kati yake ni ya wale wakorofi wa mzee. Tafuta mahali pa kuwasha na kuzima upangaji wa jozi za herufi, halafu linganisha. Ukimaliza, hesabu A katika sentensi "Wateja watayavaa mavazi haya." Utapata 11 kati ya herufi 25.

Kisha kesho asubuhi, ukiwa kwenye matatu, iweke simu mfukoni na utazame nje. Mwaga unga kwenye mapengo. Nakuhakikishia msongamano wa magari hautakuwa mrefu tena.